Nuru Iliyopungua: Jinsi Wanadamu Walivyojifunza Kuisoma Hewa ya Sayari



Juma hili tunawaalika tuinue macho juu, tuitafakari kazi moja ya akili ya mwanadamu ambayo hutangazwa kwa vichwa vikubwa vya habari kisha ikasahauliwa upesi. Ni kazi ya kuchunguza hewa na nyuso za sayari kwa darubini zilizopelekwa angani. Mara kwa mara twasikia kwamba katika sayari fulani, iliyo mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri miaka mamia kabla ya kutufikia, imeonekana hewa ya ukaa, au mvuke wa maji, au hata dalili ya uhai. Nasi twajiuliza kwa haki kabisa: Ni nani aliyefika huko? Ni nani aliyeichota hewa hiyo akaileta ipimwe?

Hakuna aliyefika. Yote tunayoyajua juu ya sayari za nyota nyingine yameletwa na mwanga peke yake. Lakini mwanga haujieleze wenyewe, bali husomwa, na msomaji aweza kusoma vibaya. Kwa hiyo historia ya elimu hii si historia ya vyombo tu. Ni historia ya mapazia matatu yaliyosimama kati ya mwanadamu na kile alichotaka kukiona. Pazia la kwanza lilikuwa hewa anayoivuta. La pili lilikuwa kasoro katika kazi ya mikono yake. La tatu ni hamu ya moyo wake. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Padri na mistari ya giza

Mwanga wa jua ukipita katika kioo chenye pembe tatu, hutawanyika kuwa rangi kama za upinde wa mvua. Mwenye kutazama kwa makini huona kwamba kati ya rangi hizo mna mistari myembamba ya giza. Mwaka 1859 wataalamu wawili wa Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, walionyesha maana yake: kila elementi ikiwa katika hali ya gesi humeza rangi zake maalumu na kuziacha nyingine zipite. Ndiyo kusema, kila gesi ina alama zake, kama kila mtu alivyo na alama za vidole vyake. Mwanga unaokosekana ni shahidi wa gesi iliyoumeza.

Miongoni mwa waliolishika jambo hilo mapema alikuwa padri Mjesuiti, Angelo Secchi, mkuu wa kituo cha unajimu cha Collegio Romano. Darubini zake zilisimikwa juu ya kanisa la Mtakatifu Inyasi mjini Roma. Padri huyu alichunguza mwanga wa nyota zipatazo 4,000 na kuzigawa katika makundi, kazi iliyomfanya ahesabiwe kati ya waasisi wa elimu ya nyota ya kisasa. Mwaka 1869 alielekeza chombo chake kwenye sayari ya Uranus. Akaona mikanda mipana ya giza ambayo haikufanana na mistari ya mwanga wa jua. Katika siku zake hakuna aliyeweza kuitambua.

Secchi aliiandika mikanda hiyo kama alivyoiona, naye akafariki mwaka 1878 bila kupata jibu. Ilipofika miaka ya 1930 ndipo mtaalamu Mjerumani Rupert Wildt alipotambua kwamba methani na amonia ndizo zinazomeza mwanga katika anga la zile sayari kubwa. Mikanda ya Uranus ilikuwa alama ya methani. Tangu padri alipoona hadi jibu lilipopatikana ilipita miaka zaidi ya 60. Kama angejaza pengo hilo kwa dhana aliyoipenda, kumbukumbu zake zisingewafaa waliomfuata.

Pazia la kwanza: hewa yetu wenyewe

Wengine hawakungoja hivyo. Mwaka 1867 Mfaransa Jules Janssen alipanda mlima Etna huko Sisilia, akautazama mwanga wa Mirihi, akatangaza kwamba ameona alama za mvuke wa maji katika anga la sayari hiyo. Habari hizo zilipokelewa kwa furaha. Palipo na maji, watu walisema, hapakosi viumbe.

Tatizo lilikuwa jepesi kulieleza, lakini gumu kuliepuka. Mwanga wa Mirihi, kabla ya kuingia katika darubini iliyosimama ardhini, hupita kwanza katika hewa ya dunia. Hewa yetu nayo ina mvuke wa maji na oksijeni, nayo huacha alama zake. Je, alama aliyoiona Janssen ilikuwa ya Mirihi au ya Sisilia?

Mwaka 1894 Mmarekani William Campbell, wa kituo cha Lick huko California, alibuni jaribio la busara. Aliulinganisha mwanga wa Mirihi na mwanga wa Mwezi, vyote vikiwa katika urefu uleule juu ya upeo wa macho. Mwezi, kama tujuavyo, hauna hewa ya kutajwa. Basi, kama Mirihi ingekuwa na mvuke mwingi wa maji, mistari yake ingekuwa mizito kuliko ile ya Mwezi. Campbell hakuona tofauti. Alichokuwa akikiona katika vyote viwili kilikuwa hewa ya California. Mwaka 1909 alipanda mlima Whitney, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,400, ili aache chini sehemu kubwa ya mvuke wa dunia. Jibu likawa lilelile.

Jibu hilo halikupendwa. Wakati huo dunia ilikuwa imeshikwa na hadithi ya mifereji ya Mirihi. Mwitaliano Giovanni Schiaparelli alikuwa amechora mistari juu ya uso wa sayari hiyo mwaka 1877 na kuiita kwa neno la kwao linaloweza kumaanisha mikondo ya asili. Katika Kiingereza neno hilo likageuka kuwa mifereji iliyochimbwa. Tajiri Mmarekani Percival Lowell akajenga kituo chake huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akachora mamia ya mistari iliyonyooka. Akafundisha kwamba wenyeji wa Mirihi, wakiwa katika sayari inayokauka, wanayavuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha zake. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi, akitumia darubini kubwa ya Meudon karibu na Paris katika usiku wa hewa tulivu, aliona mistari hiyo ikiyeyuka na kuwa madoa yasiyo na mpangilio. Mwezi wa Julai 1965 chombo Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kutuma picha za ardhi yenye mashimo na hewa nyembamba sana. Hapakuwa na mfereji hata mmoja.

Lowell hakuwa mwongo. Alikuwa na bidii, elimu na mali, naye alitazama usiku baada ya usiku. Lakini hewa ya dunia iliitikisa taswira machoni pake, na pale ambapo jicho lilikoma, hamu ilimalizia mchoro.

Kama hewa ndiyo pazia, dawa yake ni kutoka nje ya hewa. Mwaka 1946 Lyman Spitzer, Mmarekani, aliandika hoja akieleza faida za kuweka darubini nje ya angahewa, miaka 11 kabla ya setilaiti yoyote kurushwa. Angahewa haitikisi taswira tu, bali huzuia kabisa aina nyingi za mwanga zisizoonekana kwa macho, kama vile miali ya eksirei na sehemu kubwa ya mwanga wa joto, yaani infraredi.

Hapa pwani yetu ya Afrika Mashariki ina ukurasa wake. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti hiyo iliitwa Uhuru. Haikuchunguza sayari. Lakini aliyeuongoza mradi wake wa kisayansi, Riccardo Giacconi, ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya Baltimore inayosimamia kazi ya kisayansi ya darubini ya Hubble.

Pazia la pili: kazi ya mikono

Darubini ya Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 2.4, nayo ilikuwa imengojewa kwa miaka mingi. Pazia la hewa likawa limeondolewa. Picha za kwanza zilipofika, zilikuwa na ukungu.

Kioo kilikuwa kimesuguliwa vibaya. Kingo zake zilikuwa bapa kupita kiasi, kwa kipimo cha takriban sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Tume iliyochunguza ilieleza chanzo chake mwaka huohuo. Kifaa kilichotumika kupima umbo la kioo kilikuwa kimefungwa visivyo, lenzi yake ikiwa imehama kwa milimita 1.3. Basi kioo kilisuguliwa kwa uangalifu mkubwa sana kikafikia umbo lisilo sahihi. Tena kulikuwa na vipimo vingine viwili vilivyoonyesha kwamba kuna kasoro. Vilipuuzwa, kwa sababu kile kifaa kikuu kiliaminiwa kuwa bora kuliko vyote.

Wapendwa, jambo hilo tusilipite haraka. Hapo hapakukosekana ushahidi. Ushahidi ulikuwapo kiwandani, ila ulipingana na kile kilichotarajiwa, ukawekwa kando. Pazia la pili, tukilifunua, nyuma yake twalikuta pazia la tatu.

Mwezi wa Desemba 1993 wanaanga saba walipanda kwa chombo Endeavour na, katika matembezi matano nje ya chombo, wakaiwekea Hubble vifaa vya kusahihisha kasoro hiyo. Urekebishaji huo ulifika kwa wakati wake. Mwezi wa Machi mwaka huohuo Carolyn na Eugene Shoemaker pamoja na David Levy walikuwa wamegundua kometi, yaani nyota yenye mkia, iliyokwisha kuvunjwa vipande na nguvu ya uvutano ya Mshtarii. Mahesabu yalionyesha kwamba vipande hivyo vingeangukia sayari hiyo mwezi wa Julai 1994.

Vilianguka kuanzia tarehe 16 hadi 22 Julai, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwa sekunde. Hubble iliona moto ukiinuka juu ya ukingo wa sayari na makovu meusi yakibaki mawinguni. Kovu moja lilikuwa kubwa kama dunia yetu. Kwa kuusoma mwanga wa makovu hayo, wataalamu walitambua ndani yake michanganyiko ya salfa na amonia. Kisha waliyafuata makovu yalivyosambaa wakajua mwelekeo wa pepo za anga la juu la Mshtarii. Kwa mara ya kwanza wanadamu walishuhudia gimba moja la angani likigongana na jingine, wakiwa wamejiandaa kutazama.

Mwaka huo wa 1994 Hubble ilifanya kazi nyingine, ya kimya zaidi. Iliutazama uso wa Pluto, gimba dogo lililogunduliwa mwaka 1930 katika kituo kilekile cha Lowell. Kwa Hubble, Pluto ilikuwa doa tu, lenye upana wa nukta chache za picha. Kwa kuitazama ikizunguka, kundi la Alan Stern na Marc Buie lilitengeneza ramani, likaitoa mwaka 1996. Ilikuwa ramani ya maeneo meupe na maeneo meusi, basi. Hawakuchora mito, wala milima, wala mifereji. Chombo New Horizons kilipopita hapo tarehe 14 Julai 2015, kilikuta tofauti kubwa za weupe na weusi kama zile Hubble ilizozionyesha, pamoja na uwanda mweupe wa barafu ambao ulimwengu wote uliuona kama umbo la moyo. Lowell na kundi la Pluto wote walitazama kitu chenye ukungu. Tofauti ni kwamba kundi la Pluto lilisimama pale mwanga uliposimama.

Nondo mbele ya karabai

Hubble iliporushwa hakuna aliyejua sayari hata moja inayozunguka nyota iliyo kama jua letu. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva. Mwaka 1999 ikapatikana sayari inayopita mbele ya nyota yake ikitazamwa kutoka hapa kwetu. Inajulikana kwa namba, HD 209458 b. Ni kubwa kama Mshtarii, nayo huizunguka nyota yake kwa siku tatu na nusu tu. Kila inapopita, mwanga wa nyota hupungua kwa takriban asilimia moja na nusu.

Tuchukue mfano wa karabai. Usiku wa giza nondo anapita mbele ya taa iliyo mbali. Kiwiliwili chake huzuia mwanga, nasi twaona taa imefifia kidogo. Lakini mbawa zake ni nyembamba. Mwanga hupenya ndani yake, na rangi fulani hubaki humo. Kama tungekuwa na jicho kali la kutosha, tungeweza kusema mbawa zile ni za rangi gani bila kumkaribia nondo. Kiwiliwili ndicho sayari, na mbawa ndizo angahewa yake.

David Charbonneau na wenzake waliielekeza Hubble kwenye nyota hiyo na kuitazama sayari ikipita. Mwezi wa Novemba 2001 walitangaza kwamba, katika rangi ya manjano ambayo sodiamu huimeza, mwanga ulipungua zaidi kuliko katika rangi za jirani. Upungufu huo wa ziada ulikuwa kama sehemu 2 katika 10,000. Ndivyo ilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza hewa ya sayari iliyo nje ya familia ya jua letu, kwa chombo ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, nao walikijaza kwa kukusanya mwanga wa mapito kadhaa hadi upungufu mdogo namna hiyo ukaweza kuaminiwa.

Joto la sayari na uso wa mwamba

Mwaka 2003 ilirushwa darubini nyingine, iliyopewa jina la Spitzer, yule wa hoja ya mwaka 1946. Kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 85 tu, lakini iliona mwanga wa joto. Mwaka 2005 makundi mawili yaliitumia kwa hesabu ya kutoa. Walipima joto la nyota na sayari kwa pamoja, kisha wakapima tena wakati sayari imejificha nyuma ya nyota. Tofauti iliyobaki ni ya sayari yenyewe. Kwa mara ya kwanza mwanga wa sayari za mbali ulipokelewa wenyewe, badala ya kivuli chake.

Mwaka 2007 Heather Knutson na wenzake walichora ramani ya joto la sayari HD 189733 b, baada ya kuitazama kwa saa 33. Upande mmoja wa sayari hiyo huielekea nyota daima. Mahali penye joto kali zaidi hapakuwa chini ya nyota kabisa, bali palisogea upande wa mashariki. Maana yake ni kwamba upepo mkali hulibeba joto. Kwa hiyo hata upepo waweza kusomwa.

Hesabu hiyohiyo hutumika kuuliza kama sayari ya mwamba ina hewa. Sayari yenye angahewa nzito hulipeleka joto upande wa usiku, kama blanketi linavyolisambaza. Isiyo na hewa huungua mchana na kuganda usiku. Mwaka 2019 Laura Kreidberg na wenzake walitangaza walichokiona kwa Spitzer juu ya sayari LHS 3844 b, ambayo mwaka wake ni saa 11 tu. Upande wa mchana una nyuzi joto zipatazo 770 za Selsiasi, na hakuna joto lililoonekana kufika upande wa usiku. Hapakuwa na dalili ya hewa nzito. Uso wake ulielekea kuwa mwamba mweusi kama ule wa volkano, wa namna ya mabonde meusi ya Mwezi.

Pazia la tatu: hamu

Siku ya Noeli ya mwaka 2021, tarehe 25 Desemba, roketi ya Ariane iliondoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba darubini ya James Webb. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nacho kimeundwa kwa vipande 18. Nyuma yake kuna kivuli chenye tabaka tano, kipana kama uwanja wa tenisi, cha kuikinga isipate joto la jua. Hukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Mwezi wa Agosti 2022 ilitangazwa kwamba imeona hewa ya ukaa katika sayari WASP-39 b, iliyo umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 700. Mwezi wa Novemba ikafuata dioksidi ya salfa, gesi iliyotengenezwa huko na mwanga wa nyota yenyewe unapoivunja hewa.

Lakini sayari hizo ni kama tanuri. Hamu ya watu iko kwenye sayari ndogo za mwamba, na hasa zile saba za nyota TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya mwanga kama 40. Zilipotangazwa zote saba mwezi wa Februari 2017, magazeti yalichora bahari na machweo juu yake. Webb ikaanza kupima. Mwezi wa Machi 2023 jibu la sayari ya ndani kabisa lilitoka: nyuzi joto 230 upande wa mchana, na hakuna dalili ya hewa ya maana. Mwezi wa Juni likafuata la sayari ya pili: haina hewa nzito ya ukaa kama ya Zuhura. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya mwanzo ya sayari ya nne, ile inayotumainiwa kuliko zote, nayo hayakutosha kukata shauri. Sababu ni nyota yenyewe. Ina madoa, na madoa hayo huchanganya alama zake na alama za sayari. Ni taabu ileile ya Janssen mlimani Etna, ila safari hii hewa inayotuchanganya si yetu, ni ya nyota.

Mwezi wa Aprili 2025 kundi la Cambridge likiongozwa na Nikku Madhusudhan lilitangaza dalili za gesi iitwayo dimethili salfaidi katika sayari K2-18 b, iliyo umbali wa miaka ya mwanga 124. Hapa duniani gesi hiyo hutolewa hasa na vijimea vidogo vya baharini. Vichwa vya habari vilisema uhai umepatikana. Kundi lenyewe lilikiri kwamba kiwango cha uhakika wake hakijafikia kile kinachohitajika kutangaza ugunduzi. Wataalamu wengine waliichambua data ileile, na wengi wao hawakuiona alama hiyo kuwa ya kuaminika. Isitoshe, mwaka 2024 ilikuwa imetangazwa kwamba gesi hiyohiyo iligunduliwa katika kometi iliyochunguzwa na chombo Rosetta, mahali ambapo hapana bahari wala vijimea.

Twajifunza nini?

Hatuwaandikii haya ili kuwadharau wenye matumaini. Bila hamu Campbell asingepanda mlima, wala wanaanga saba wasingeikarabati Hubble. Hamu ndiyo inayomtoa mtu nyumbani kwake. Twasema tu kwamba hamu ni msafiri mzuri na shahidi mbaya.

Tuwaangalie basi waliofanikiwa. Secchi aliiandika mikanda asiyoijua. Campbell alikwenda kwanza kwenye Mwezi, mahali alipojua hapana hewa, ili ajue alama ipi ni yake mwenyewe. Wachoraji wa Pluto walisimama kwenye weupe na weusi. Waliopima TRAPPIST-1 walitumia saa za darubini ghali kuliko zote, kisha wakaandika kwamba hewa iliyotarajiwa haikuonekana. Neno hilo "haikuonekana" ni zawadi pia. Limetuonyesha kwamba sayari ya mwamba kuwa na hewa nyororo, isiyo nyepesi mno wala nzito mno, si jambo la kawaida. Mirihi hewa yake ni chini ya asilimia moja ya uzito wa hewa yetu. Zuhura hewa yake ya ukaa imeufanya uso wake uwe na nyuzi joto zaidi ya 460. Hadi leo, katika sayari zote zilizopimwa, hakuna iliyothibitishwa kuwa na hewa tunayoweza kuivuta isipokuwa hii yetu.

Basi tutakaposikia tena kwamba uhai umepatikana mahali fulani angani, na bila shaka tutasikia, tusikimbilie kucheka wala kushangilia. Tuulize maswali ya Campbell: Alama hiyo ni ya nani? Imelinganishwa na nini? Je, wengine wameipima data ileile wakaona lilelile? Maswali hayo hayahitaji darubini. Yanatufaa hata katika habari zinazoletwa mlangoni petu kuhusu jirani yetu, ambaye naye mara nyingi twamwona kwa mbali, kupitia hewa yetu wenyewe.